Wiki Ambayo Mjomba Mhina Hakukasirika

Ndugu zangu, kisa hiki ni cha ukoo wetu, upande wa mama. Kimekuwa kikipita kutoka simu hadi simu, na kila kinapopita kinatiwa chumvi. Nimeona nikiandike kama kilivyotokea, ili mwenye kupeleka kwa wengine apeleke hiki. Ukisikia mahali kwamba Mjomba Mhina alipigana na kundi la majambazi akawashinda, futa. Hakupigana na mtu yeyote, na hicho ndicho kisa chenyewe.

Mjomba alikuwa na bucha Korogwe. Alikuwa na mikono mizuri na ulimi mbaya. Mteja akiuliza kama nyama ni ya leo, Mjomba alimuuliza kama pua yake ni ya jana. Mteja akiomba kuongezewa kipande, alimwambia akamwombe ng'ombe. Walioendelea kununua kwake walinunua kwa sababu nyama ilikuwa kweli ya leo.

Nyumbani hakuwa tofauti. Hakuwahi kumpiga mtu, hilo niliweke wazi, lakini alipiga meza, alipiga milango, na sauti yake ilitosha mtaa mzima. Kwenye vikao vya ukoo alisimama kusema kabla dua ya kufungua haijaitikiwa "amina". Mwishowe ndugu wakaacha kumwita. Arusi ya binti wa dada yake mkubwa ilipangwa mpaka mapishi, naye akaisikia kutoka kwa mteja aliyekuja kuagiza nyama ya arusi hiyo hiyo.

Aliipima nyama ile kimya. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kusema.

Kitu kimoja tu Mjomba alikifanya kwa adabu, nacho ni karate. Alijifunza katika bohari la zamani la mkonge, kwa Mwalimu Mntambo, mzee mfupi aliyestaafu kazi ya reli. Mwalimu alikuwa na sauti ndogo, hata ukitaka kumsikia ilibidi unyamaze, na nadhani ndivyo alivyokusudia.

Ukumbi ule ulikuwa na sheria iliyozitangulia sheria nyingine zote: haingii mtu wala hatoki mtu bila kusimama kizingitini na kuinama kuelekea ndani. Hata ukiwa umechelewa. Hata tumbo likiwa linakusokota. Siku moja nyoka aliangukia katikati ya ukumbi kutoka darini. Wanafunzi wote wakakimbilia mlangoni, na kila mmoja alipofika akasimama, akageuka, akamwinamia nyoka, ndipo akatoka. Nyoka mwenyewe, wanasema, alibaki ameduwaa.

Mjomba alikuwa na mkanda wa kahawia kwa muda mrefu mno. Mkanda mweusi aliujaribu mara mbili, na mara zote mbili hakushindwa na miguu wala ngumi.

Mara ya kwanza mpinzani wake aliteleza, akaanguka, akacheka. Mwalimu akasema waache. Mpinzani akaacha. Mjomba hakuacha.

Mara ya pili alifanya kila kitu sawasawa, kisha mwamuzi mgeni kutoka Tanga akampa alama pungufu kidogo ya alizotarajia. Mjomba akamweleza mwamuzi habari za macho yake, na za macho ya mama yake, mbele ya wazazi waliokuja kutazama.

Mwalimu Mntambo akamwita pembeni. "Mhina, miguu yako ilishafika zamani. Tunakusubiri wewe. Nitakupa mtihani mara moja tena. Ukiharibu, usiniombe tena, na mimi sitakuita."

Mjomba akarudi nyumbani amejiinamia. Mkewe, Mwantumu, alikuwa anamenya mihogo.

"Nikiupata mkanda ule," Mjomba akamwambia, "nitauchukua mpaka kwenye kikao cha ukoo. Niuweke mezani. Waone nimekuwa mtu wa kuitwa."

"Upate kwanza," akasema Mwantumu bila kuinua kichwa. "Mimi nimeshazoea kuolewa na kahawia."

Mtihani ulipangwa Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo, Mdoe akaingia buchani. Mdoe alikuwa fundi cherehani, mwanafunzi mwenzake Mjomba, na mtu ambaye siri ilikaa kwake kama maji kwenye tenga.

"Kaka Mhina," akasema, akitazama nyuma, "nina neno, ila mimi sikukwambia."

"Hujaniambia. Sema."

"Mwalimu atamtuma mtu."

"Kufanya nini?"

"Kukuchokoza! Wiki hii, kabla ya mtihani. Ukikasirika, umekwisha. Jumamosi utakuja kutazama wenzako."

Mjomba akaweka kisu chini. "Ni nani huyo mtu?"

"Ningemjua ningekaa naye tumboni? Anaweza kuwa yeyote. Mteja, jirani, mpita njia. Anaweza kuwa hata mimi."

Mjomba akamtazama. "Ni wewe?"

"Mimi nimekuja kununua maini."

Mdoe hajatoka vizuri, akaingia Mama Kiande. Huyu alikuwa muuza vitumbua, mteja wa miaka mingi, na mtu pekee mjini aliyeweza kurushiana maneno na Mjomba mpaka mwisho bila kupumzika.

"Wewe Mhina! Nyama uliyoniuzia juzi nimeichemsha mpaka mkaa umekwisha. Nikifunua sufuria, bado inanitazama."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Mjomba, na lilikuwa zuri. Akalimeza. Akapumua kwa pua kama walivyofundishwa. Kisha, mikono ikiwa imenyooka pajani, akainama.

"Ahsante kwa kunieleza, mama. Nitakupimia nyingine iliyo laini."

Mama Kiande akarudi nyuma hatua moja. "Umeangusha nini?"

"Sikuangusha kitu, mama."

"Basi mbona unainama?"

"Ni heshima tu."

"Heshima ya nini? Kwani nimekufanya nini?" Akaipokea nyama kwa vidole viwili, akaenda akiinusa njia nzima, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona Mhina akiwa hivi bila sababu.

Mjomba akafurahi moyoni. Akajua Mama Kiande ndiye aliyetumwa, naye amemshinda. Lakini kabla jua halijageuka akaja mtu kumwambia kwamba mizani yake ina mkono mzito, na mwingine akamwambia kwamba bucha la ng'ambo ya barabara lina nzi wachache zaidi. Mjomba akaona hawezi kujua ni yupi. Akaamua kwamba njia ya salama ni moja: kila atakayemchokoza amhesabu ametumwa na Mwalimu. Akawainamia wote.

Jumanne aliporudi nyumbani alimkuta beberu wa Mzee Semboja uani. Nilisema nitaandika kwa usahihi, basi nieleze: Mzee Semboja alikuwa jirani wa ubavuni, na ugomvi wake na Mjomba juu ya ua na mbuzi ulikuwa umeshazeeka kuliko mbuzi wenyewe. Siku zote beberu alikula mchicha. Siku hiyo aliupita mchicha, akaenda kwenye kamba ya nguo, na sasa alikuwa anatafuna suruali nyeupe ya karate. Alishafika gotini.

Mzee Semboja alimwona Mjomba akiingia. Akajisogeza uani, akajishika kiuno, akakohoa kuweka koo sawa. Matusi ya kujibu alikuwa nayo tangu mwaka uliopita.

Mjomba akaishika suruali upande mmoja, beberu akaishika upande wa pili. Wakatazamana. Kisha Mjomba akaiachia.

"Shikamoo, Mzee Semboja."

Mzee Semboja akakaa na mdomo wazi. "Mara... marahaba."

"Mbuzi wako ana njaa. Kwa ruhusa yako nimkatie majani. Hii suruali haina vitamini."

Akamkatia majani. Beberu akala. Mjomba akamwinamia Mzee Semboja, na kwa kutokuwa na uhakika, akamwinamia na beberu.

Alfajiri iliyofuata mtaa uliamshwa na nyundo. Mzee Semboja alikuwa anaziba ua, kwa miti yake na misumari yake.

"Mzee, umeamua leo?" Mwantumu akamuuliza.

"Kelele za mumeo nimezizoea, mwanangu," akajibu, misumari ikiwa mdomoni. "Ila ule ukimya wake siuwezi. Jana nimekunywa kahawa, nikajikuta natetemeka. Mtu akikatia mbuzi wako majani, ujue ana jambo."

Mwantumu naye alishaanza kuwa na wasiwasi. Siku hiyo, kwa mawazo, alitia chumvi kwenye mchuzi mara mbili. Mjomba akaonja, akatulia, akamtazama mkewe huku akijiuliza: au Mwalimu amempata hata huyu? Akala mpaka akamaliza. Akanywa maji mengi. Akasema, "Ahsante, mke wangu. Umejitahidi."

Mwantumu akaweka mkono kwenye paji lake la uso. Halikuwa na joto.

"Mhina," akasema polepole, "ulikwenda hospitali?"

"Sikwenda."

"Usinifiche. Daktari amekwambia una muda gani?"

Mjomba hakuweza kumweleza, kwa kuwa kama ametumwa, kueleza kungekuwa kuharibu. Akamshika tu mkono. Kwa Mwantumu hilo ndilo lililothibitisha kwamba anaaga. Akaenda jikoni akalia kidogo, kisha akapika chai kwa sukari nyingi kuliko kawaida. Wiki hiyo, alisema baadaye, ndiyo aliyoipenda kuliko zote tangu waoane, na aliilia kila siku.

Sasa nafika kwenye baiskeli, ambayo ndiyo hasa watu wanayoiharibu wanaposimulia. Wapo wanaosema ilikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kijani, yenye keria pana nyuma na kengele isiyolia. Ilikuwa ya babu yetu, naye Mjomba aliirithi kwa kuwa ndiye pekee aliyejua kuusikiliza mnyororo wake. Asingeiuza hata kwa bucha la pili.

Alhamisi, mchana kweupe, Mjomba alitoka buchani kumwaga maji. Akamkuta kijana mmoja mwenye kofia ya sufu ameishika baiskeli, anaikokota kuelekea barabarani. Hakuwa amejificha hata kidogo. Alikuwa anaikokota kama yake, ila kwa shida, maana tairi la nyuma lilikuwa limelala.

Damu ikampanda Mjomba mpaka masikioni. Kisha ikashuka, kwa sababu aliona jambo zima lilivyo wazi. Mwizi gani anaiba mchana, mbele ya mlango wa mwenye bucha, mwenye mapanga ukutani? Huyu ndiye. Wale wengine wote walikuwa wa kupasha misuli.

"Ndugu!" akaita.

Yule kijana akaganda.

"Tairi hilo halina upepo. Hutafika mbali."

Mjomba akaingia ndani, akatoka na pampu. Akachuchumaa, akajaza tairi la nyuma, akalibonyeza kwa kidole gumba, akaongeza kidogo. Akajaza na la mbele, kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Akachukua kitambaa, akafuta siti.

Kijana alikuwa amesimama tu, jasho likimtoka chini ya kofia.

"Haya," Mjomba akasema huku anatabasamu. "Nenda salama. Msalimie aliyekutuma."

"Aliyenituma... nani?"

"Anajijua. Nami namjua. Mwambie nitamwona Jumamosi."

Kisha akasimama wima, akamwinamia, kwa kina na polepole.

Ninyi mliokulia Tanga hamna haja ya kuelezwa, ila kisa hiki kinakwenda mbali, basi nieleze. Kwetu, mwenye mali akipiga kelele ukimwibia, huyo ni mtu wa kawaida na unaweza kukimbia kwa amani. Akitabasamu, akakujazia upepo, akakutajia na siku ya kukuona, ujue mali hiyo ina jambo juu yake. Kijana alipanda baiskeli akaenda, lakini aliangalia nyuma zaidi ya alivyoangalia mbele, na pale kwenye kona alikaribia kuingia kwenye meza ya machungwa.

Jumamosi ikafika. Bohari likajaa. Mwantumu alikaa benchi la mbele, leso mkononi. Mzee Semboja alikuja, na Mama Kiande alikuja, kwa kuwa wote wawili walitaka kujua Mhina anaumwa nini. Mdoe alikuwa kwenye safu ya wanafunzi. Mkanda mweusi ulikuwa juu ya meza ndogo mbele ya Mwalimu, umekunjwa.

Mjomba alivaa suruali yenye mguu mmoja mfupi, mahali beberu alipofikia. Alifanya mazoezi yake yote, ngumi na teke na mizunguko, na hata waliokuja kucheka suruali walisahau kucheka. Alipomaliza, Mwalimu Mntambo akamwashiria aketi chini.

"Vizuri," akasema kwa sauti yake ndogo, na ukumbi ukanyamaza. "Sasa tuambie, Mhina. Wiki hii ilikuwaje?"

Mjomba alikuwa akilisubiri swali hilo. Uso ukamng'aa.

"Mwalimu, nakupongeza. Uliwachagua vizuri." Akageukia mabenchi. "Mama Kiande, wewe ulikuwa hodari sana. Ile ya nyama kukutazama, nilikaribia kushindwa. Mzee Semboja, wewe na mbuzi wako pia, ahsanteni. Mwantumu, ile chumvi nimekusamehe. Lakini yule wa baiskeli, Mwalimu! Yule ni kiboko. Ulimtoa wapi?"

Mwalimu Mntambo akainamisha kichwa upande mmoja. "Wa baiskeli yupi?"

"Yule uliyemtuma aje kuchukua baiskeli."

"Mhina," akasema Mwalimu, "mimi sikumtuma mtu."

Aliyetangulia kusema ni Mama Kiande.

"Anitume mimi nani? Nyama ilikuwa ngumu!"

"Na beberu wangu hatumwi," akasema Mzee Semboja. "Angekuwa anatumwa ningeshamtuma dukani."

Mwantumu akashusha leso. "Kwa hiyo huumwi?"

Mjomba hakuwasikia. Alikuwa anamtazama Mwalimu. "Hata wa baiskeli hukumtuma?"

"Hata wa baiskeli."

"Nilimjazia upepo!"

"Ulimjazia upepo?"

"Matairi yote mawili! Nikamfutia na siti!"

Nyuma kabisa mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka puani. Hapo Mhina wa zamani akarudi, mzima, na mishipa yake ya shingo. Akasimama. Macho yake yakazunguka ukumbi yakamtafuta Mdoe.

Mdoe alikuwa ameshaanza kuondoka. Akakimbia mpaka mlangoni, akasimama, akageuka, akainama, akatoka. Mjomba akamfuata mbio, ngumi zimekaza, mdomo umeshafunguka kwa neno la kwanza. Mwalimu Mntambo hakumwita. Alinyoosha tu mkono, akauondoa ule mkanda mweusi juu ya meza. Kila mtu alimwona, na Mwantumu akafunika uso.

Mjomba akafika kizingitini.

Hapo miguu yake ikasimama. Hakuiambia isimame. Miaka yote ile ilikuwa imesimama mahali pale, na sasa ikasimama bila kumuuliza. Akageuka. Akainama.

Kuinama hakuchukui muda, lakini hasira ya Mjomba ilikuwa ya mbio, haikuwahi kufundishwa kungoja. Akiwa ameinama aliona miguu yake mwenyewe, mmoja una suruali, mmoja ukiwa wazi tangu gotini. Aliinua macho kidogo akaona meza ndogo, tupu. Akaona benchi la mbele, na mkewe, aliyekuwa amefunika uso kwa leso ile ile aliyokuja nayo kumlilia.

Akabaki ameinama. Akakawia hadi watu wakaanza kutazamana. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Analia," akanong'ona Mama Kiande.

Hakuwa analia. "Nilimfutia siti," akasema Mjomba, akiwa bado ameinama, sauti ikimkatika. "Jamani, nilimfutia siti!" Akacheka. Wa kwanza kumfuata alikuwa Mwantumu, kisha Mzee Semboja, kisha bohari zima likacheka mpaka vumbi la mkonge la enzi hizo likadondoka darini.

Mjomba akajifuta macho, akarudi mpaka mbele, akapiga magoti.

"Mwalimu, baiskeli ya marehemu baba imekwenda, na mkanda nao najua umekwenda. Naomba nibaki nifundishwe, hata na kahawia."

Mwalimu Mntambo alifungua mdomo kujibu. Lakini sauti ya Mdoe ikatangulia kutoka nje.

"Kaka Mhina! Usinipige! Baiskeli yako imekuja yenyewe!"

Haikuja yenyewe. Ilikokotwa na yule kijana mwenye kofia ya sufu, naye alikuwa amekonda kwa siku mbili kama aliyefunga mwezi. Akaiegemeza ukutani, akaanguka magotini mbele ya Mjomba.

"Mzee wangu, chukua kitu chako. Ulisema Jumamosi utamwona aliyenituma, nami nilijituma mwenyewe; buchani wameniambia uko huku. Nimeona nije mwenyewe kabla hujanifuata."

"Mimi?" akasema Mjomba.

"Tangu Alhamisi sijala. Nikifumba macho nakuona unainama. Mtu wa kwanza niliyemwonyesha, alipoishika tu, mnyororo ukakatika. Wa pili alisema anakwenda kuchukua fedha nyumbani, akakuta mkewe amejifungua mapacha!"

"Hongera zake," akasema Mama Kiande.

"Nifungue, mzee wangu. Sitarudia."

"Kijana, mimi sikukufunga."

"Ndivyo mnavyosema wote!"

Mjomba akatazama huku na huku. Matusi aliyokuwa nayo yalikuwa yametoka na kicheko, na mtu huyu alikuwa bado magotini. Basi akafanya kitu pekee alichokizoea. Akasimama wima, mikono pajani, akamwinamia.

Kijana akapiga ukelele ambao Mwalimu Mntambo alisema baadaye kwamba kwa nguvu na kwa ukweli haujawahi kutolewa na mwanafunzi yeyote wa bohari lile. Akaruka, akakimbilia mlangoni. Na ukumbi mzima, kwa mazoea, ukampazia sauti:

"Inama!"

Akasimama. Akageuka. Akainama. Kisha akatoka, na Korogwe haikumwona tena.

Watu walipotulia, Mwalimu Mntambo alikuwa amesimama mbele ya Mjomba. Akamfungua mkanda wa kahawia. Akauchukua ule mweusi, ambao muda wote alikuwa ameushika mgongoni, akamfunga kiunoni kwa mikono yake.

"Kwani nimefaulu?" akauliza Mjomba. "Wiki nzima nilikuwa nimedanganyika."

"Wiki nzima ulifaulu kwa kudanganyika," akasema Mwalimu. "Pale mlangoni ulifaulu kwa kujua."

Kisha akaongeza, "Na hiyo suruali, itafutie mwenzake."

Miaka ilipita, Mwalimu akatangulia mbele ya haki, ndipo Mdoe aliponisimulia kipande alichokuwa amekiacha. Nilimuuliza habari ile aliitoa wapi.

"Mwalimu mwenyewe aliniambia," akajibu. "Tena aliniapisha nisimwambie mtu."

Nikamuuliza kama hakuona ajabu kuambiwa siri, yeye, katika watu wote wa Korogwe. Akasema hapana, ajabu iko wapi, watu siku zote humwamini.

Kwa hiyo Mwalimu hakusema uongo. Hakumtuma mtu. Alituma neno, na alijua wa kulibeba.

Mjomba aliitwa kwenye kikao cha ukoo kilichofuata. Mkanda hakuuweka mezani, aliuacha nyumbani. Alikaa, akasubiri dua ikaitikiwa, akasubiri na wengine wote waseme. Binamu mmoja mwenye maneno akajaribu kumchokoza kwa habari za siti. Mjomba akamtazama kwa upole, kama mtu anayejiuliza nani amemtuma, na binamu akapoteza alichotaka kusema. Tangu hapo, kwetu mtu akikukera, mwenzio hukunong'oneza, "Huyo katumwa," nanyi mkacheka, ikaisha.

Baiskeli ya kijani iliendelea kusimama nje ya bucha bila kufuli mpaka ilipoliwa na kutu. Watu waliokuja kununua nyama waliizunguka kwa mbali.

Mkanda ninao mimi. Umepauka pale penye fundo, karibu uwe mweupe, na haujafuliwa, kama Mjomba alivyoagiza aliponiachia.

Ukimaliza kusoma, mpelekee yule jamaa yako mliyeacha kumwita vikaoni. Usimwambie kwa nini.

Funzo: Kila anayekuchokoza mhesabu ametumwa kukupima, na hasira ikikutoa mbio, simama kwanza kizingitini uiname, kwa maana hasira inajua kukimbia lakini haijui kungoja.